Kwa nini habari za studio ndogo za picha hazitoki gazetini hata zikiendana na habari ya siku?

#1 Flashi_ya_Temeke
Wakuu, salaam. Naomba hoja hii ichambuliwe na wanaojua chumba cha habari kinavyokwenda.

Studio ya mtaani yenye kamera mbili, taa tatu na printa moja haina fedha ya tangazo la gazeti. Njia iliyobaki ni kudandia habari ya siku: mvua, matokeo ya mitihani, Sabasaba, AFCON 2027. Wengi wanajaribu. Wanaandika ukurasa mmoja, wanatuma kwenye anwani ya jumla ya gazeti, kisha kimya.

Dai langu ni kwamba zinakwama kwa kuchelewa. Mvua imenyesha Jumatatu, barua inaingia Alhamisi, na watu wameshahamia kwenye habari nyingine. Mwenye sababu tofauti aiweke hapa, na aiweke kwa vitendo: atumiwe nani, saa ngapi, kiambatishwe nini.

#2 DawatiLaPili
Kuchelewa kupo, lakini mkuu #1 umekuchukulia kama kitu kimoja. Gazeti lina saa zaidi ya moja.

Habari za kesho zinapangwa kwenye kikao cha asubuhi, mara nyingi kati ya saa 3 na saa 4. Barua iliyofika saa 2 na nusu inaingia kikaoni. Iliyofika saa 10 jioni inakuta kurasa zimeshagawanywa, na itapata nafasi pale tu itakapong'oa habari nyingine. Studio ndogo haing'oi habari ya mtu.

Makala na toleo la Jumapili ni saa nyingine kabisa. Kurasa hizo hufungwa mapema, kwa hiyo zinataka siku 5 hadi 10. Kitu chenye tarehe inayojulikana, kama Siku ya Picha Duniani tarehe 19 Agosti, kitume wiki mbili kabla. Ukikituma tarehe 18 umechelewa, hata kama unajiona umewahi.

Anwani ya jumla iache. Fungua magazeti ya siku tano zilizopita, tazama ni jina la nani linaandika mvua na mafuriko ya Dar. Huyo ndiye wako. Mhariri mtendaji hana kazi na barua yako.

#3 Kepsheni_Kwanza
Mimi natofautiana na wote wawili. Barua nyingi za studio zinafika kwa wakati na bado zinatupwa, kwa sababu picha zenyewe hazichapiki. Ni aibu kwa wapiga picha, lakini ndivyo ilivyo.

Picha inatumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana, upande mrefu unashuka hadi karibu pikseli 1,600, na maelezo yaliyofichwa ndani ya faili yanafutika. Kwa pikseli 300 kwa inchi, picha ya upana wa sentimita 15 inataka pikseli 1,772. Tayari hutoshi.

Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama faili, usitume kama picha. Kwa barua pepe weka picha tatu tu, JPEG, mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu pikseli 3,000, kila moja chini ya megabaiti 3. Kubwa zaidi ziweke kwenye kiungo, na hakikisha kiungo hakifi baada ya siku mbili.

Weka kepsheni ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo iitwayo IPTC. Programu za Lightroom, Bridge na Photo Mechanic zote zinayo. Nani, anafanya nini, wapi, lini, picha na nani. Faili linaloitwa IMG_4471 halimwambii mhariri kitu saa 12 jioni. Liite "mafuriko-jangwani-albamu-01" na atalipata akilitafuta.

#4 Mzee wa Rotari
Mkuu #3 umeamka na rula leo. Lakini hesabu yako ni ya karatasi ya jarida. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na inanyonya wino, pikseli 200 kwa inchi zinatosha. Sentimita 15 hapo ni pikseli 1,181, kwa hiyo 1,600 inapita.

Kinachoua picha gazetini ni giza. Nukta za wino zinatanuka kwenye karatasi ile, sehemu za vivuli zinaziba. Picha uliyoing'arisha kwenye skrini ya simu, uso wa mtu mweusi kwenye kivuli, ukichapwa unabaki meno na macho. Inua vivuli kabla ya kutuma, na usipandishe kontrasti. Nguo nyeusi kwenye ukuta mweusi usithubutu.

#5 Kepsheni_Kwanza
#4 nakubali kuhusu 200. Ila mhariri wa picha anakata. Akichukua nusu ya fremu, 1,600 yako inabaki 800. Na maelezo ya ndani yakishafutika, picha inabaki yatima, hakuna anayejua ni ya nani. 3,000 inabaki palepale.

#6 Mama_Albamu
Mnazungumzia pikseli na saa, mnaruka kitu kikubwa. Barua zenyewe ni matangazo. "Studio yetu ya kisasa inawaletea wateja ofa kabambe msimu huu wa mvua." Mwandishi akisoma hivyo anaisukuma idara ya matangazo, na wao watakupigia kukutajia bei ya robo ukurasa. Hapo saa na pikseli hazisaidii.

Kipimo changu ni hiki: futa jina la studio kwenye barua yote. Je, kimebaki kitu cha kumfaa msomaji wa Tandale ambaye hatakuja kwako maisha yake yote? Kikibaki, ni habari.

Mfano wa mvua. Maji yakiingia ndani watu wanaokoa godoro, televisheni, vyeti. Albamu ya harusi na picha za marehemu zinabaki ndani ya maji, baadaye zinatupwa kwa kudhani zimekufa. Nyingi hazijafa. Studio inajua kuziokoa. Japani baada ya tsunami ya 2011, Fujifilm waliendesha kazi ya kuosha picha zilizookotwa kwenye matope na kufundisha watu wa kujitolea namna ya kufanya. Hilo lilikuwa habari bila kuuza hata filamu moja. Barua ya studio yetu ingesema: fanya hivi na hivi ndani ya saa 48, na ukishindwa tuletee, bure, siku tano, mahali fulani. Jina linatajwa mara moja tu, mwishoni.

#7 Kijana wa Magomeni
Mama_Albamu weka hizo hatua basi, wengine tunaishi bondeni.

#8 Mama_Albamu
Karibu. Vaa glavu kwanza, maji ya mafuriko yanachanganyika na ya vyoo.

Piga albamu picha kwa simu kama ilivyo, kabla hujaigusa. Hata ikiharibika mkononi umebaki na nakala.

Usiache picha zilizogandana zikakauka. Zikikauka zimeshikana, tabaka la juu la picha moja linaondoka na mgongo wa nyingine. Zitie kwenye beseni la maji safi ya baridi, chache chache, dakika 15 hadi 30, zitaachana zenyewe. Usibandue kwa nguvu. Uso wa picha usiuguse wala kuusugua kwa kitambaa, ukilowa unakuwa laini kama utando wa uji uliopoa. Tikisa beseni taratibu, badilisha maji mpaka yawe meupe.

Suuzo la mwisho lisiwe maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, picha ikikauka inabaki na madoa meupe. Tumia maji ya chupa au ya mvua yaliyokingwa safi.

Zianike kivulini juu ya neti safi, uso juu, au zibane kwa kibanio kwenye pembe nyeupe. Jua linazikunja. Zikiwa nyingi kuliko muda ulionao, weka karatasi ya kuokea kati ya picha na picha, zifunge kwenye mfuko, zitie friza. Ukungu unasimama, utaziosha wiki ijayo.

#9 Fundi_Wino
Hatua za #8 ni nzuri, lakini kuna kasoro ya kuumiza watu. Hizo ni za picha za maabara, zile za karatasi ya picha halisi. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino, na studio nyingi ndogo sasa zinachapa hivyo, ukizizamisha wino unatembea na picha inaisha. Jaribu kwanza: tone moja la maji kwenye pembe, subiri dakika, gusa kwa tishu nyeupe. Tishu ikipata rangi, usizamishe. Ianike ilivyo, uso juu, halafu ipige nakala.

Na picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiing'oe. Iache na kioo chake, elekeza maji polepole katikati. Ikikataa, piga nakala juu ya kioo hichohicho: taa mbili, kila moja nyuzi 45, tundu la lenzi kwenye f/8, kitambaa cheusi nyuma ya kamera kuzuia mng'ao.

#10 Mama_Albamu
Asante #9, ilinitoka. Isomwe pamoja na #8.

#11 Bi Neno
Angalizo la lugha, na si dogo. Kwetu "kusafisha picha" maana yake ni kuchapa. Kichwa cha habari kikisema "Studio kusafisha picha bure siku tano," kesho yake una foleni ya watu wenye simu wanaotaka wachapiwe bure picha za kipaimara. Andika "kuokoa picha zilizolowa". Na mwambie mwandishi wazi asibadilishe hilo neno, maana kichwa cha habari anakiandika mtu mwingine ambaye hakuongea na wewe.

#12 Msema_Haki
Wazo la kutafuta jina kwenye maafa linanichefua, nasema wazi. Hanang, Desemba 2023, matope yaliua watu. Nani angekuwa na uso wa kupeleka barua ya studio wiki ile? Mnafundishana kuvaa kanga za msiba kwenda kuuza maandazi.

#13 DawatiLaPili
#12 una haki, na wahariri wengi wanahisi hivyo pia. Kuna mpaka lakini. Siku watu wanatafutwa, hakuna barua. Wakati wa watu kurudi nyumbani na kusafisha ndipo msomaji anauliza afanye nini na vitu vyake. Hata hapo, hatua za kuokoa picha zitangulie, huduma ifuate. Na kama unatoza hata shilingi mia tano, usipeleke kabisa.

#14 Msema_Haki
Muda wa saa 48 wa Mama_Albamu unagongana na kusubiri kwako. Picha zitakuwa zimeoza ukingoja adabu.

#15 Mama_Albamu
Ndiyo maana habari hiyo inapelekwa kabla ya masika, mwanzoni mwa Machi, TMA, watu wa hali ya hewa, wakishatoa utabiri wa msimu. Hakuna msiba, hatua zinajulikana mapema, watu wanainua albamu juu ya kabati. Mvua ikija, mwandishi anayo namba yako.

#16 Mwana wa Rujewa
Tukiacha mvua, mnasahau anga. Kupatwa kamili kwa jua pale Rujewa mwaka 2016 kulijaza magazeti yote, na 2 Agosti 2027 tunalo jingine kamili. Studio zijipange mapema kuuza ujuzi.

#17 Nyota_na_Mwezi
Mkuu, sahihisho mara mbili. La tarehe 1 Septemba 2016 lilikuwa la kipete, mwezi haukufunika jua lote, ikabaki pete ya mwanga. La 2 Agosti 2027 ni kamili, lakini si kwetu. Kivuli kinapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor kule Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Tanzania tutaona jua limemegwa tu. Ukipeleka barua yenye kosa hilo, mwandishi hatakuamini tena kwa jambo lolote.

Habari iliyo ya kweli hapo ni usalama. Filta inakaa mbele ya lenzi, kamwe si nyuma kwenye jicho la kamera. Miwani ya kutazamia iwe na alama ISO 12312-2, na usiivae ukachungulia kwenye kamera isiyo na filta, lenzi inakusanya mwanga na kuitoboa. Kipande cha eksirei si filta. Studio ikiandika hayo kwa aya nne na picha moja ya filta imefungwa kwenye lenzi, wiki tatu kabla, redio zote zinakuita.

#18 Pwani_254
Nawasalimu kutoka Mombasa. Hapo kwa redio #17 amegusa mahali. Mnang'ang'ania gazeti, na redio za mitaa zina saa nzima za asubuhi za kujaza, wanataka mtu anayeongea vizuri kwa dakika saba. Muulize mtangazaji mapema maswali matatu atakayouliza, uwe na jibu moja moja lenye kitu cha kufanya. Jina la studio atalitaja yeye akikutambulisha, wewe usilirudie.

Lingine ni idhini. Huku kwetu, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na mgahawa mmoja zaidi ya milioni 1 kwa picha ya mteja. Huko kwenu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Picha ya harusi ya mteja uliyoiokoa matopeni ni yake, usimpe mwandishi bila saini.

#19 Kepsheni_Kwanza
Fomu ya idhini iwe ya mistari mitano: jina, picha ipi, itumike kwa habari gani, gazetini na mtandaoni, saini na tarehe. Mtoto, asaini mzazi. Ambatisha nakala kwenye barua, mhariri anapumua.

#20 Flashi_ya_Temeke
Niwashukuru. Ila bado hamjagusa bahasha. Wengi wanaamini habari haitoki bila kumpa mwandishi "nauli".

#21 Mtaa_wa_Pili
Ndiyo ukweli wenyewe, tusizungushane. Korespondenti analipwa kwa habari iliyotoka, nauli anajitolea mfukoni. Usipomwezesha haji.

#22 DawatiLaPili
#21, hali ya makorespondenti ni ngumu na inaniuma, lakini bahasha haikusaidii hata kwa hesabu. Maadili ya Baraza la Habari yanaikataza, na anayeipokea siye anayeamua ukurasa. Umelipa, mhariri ameikata, utamdai nani? Mpunguzie gharama badala yake. Mpe kila kitu asilazimike kuja: picha tatu, kepsheni, sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa kwenye chumba kimya, namba ya mteja aliyekubali kuongea, na mahali penye jina la mtaa na kata. Habari anayoweza kuiandika akiwa kwenye daladala ndiyo inayotoka.

#23 Mtaa_wa_Pili
Hayo ni ya mwandishi mmoja mwema. Tembea mikoani uone.

#24 Jicho_Kali
Kuna mlango ambao hamjautaja: picha za uongo. Kila likitokea jambo kubwa, ndani ya saa mbili zinasambaa picha za zamani au zilizotengenezwa na akili mnemba. Mwandishi anamtafuta mtu wa kumweleza. Wapiga picha tunajua mwanga, basi tuwe mtu huyo.

Ipitishe picha kwenye Google Lens na TinEye, angalia ilionekana lini mara ya kwanza. Tazama vivuli vyote vinaelekea upande mmoja au la. Soma mabango, maandishi yaliyotengenezwa yanaweza kuvunjika herufi. Fuatilia ukingo wa nywele na vidole. Kisha sema ulichokiona tu: "kivuli cha nguzo kinakwenda kushoto, cha watu kulia". Usiseme "ni feki" kama hujapata picha ya asili.

#25 Kijana wa Magomeni
Na AFCON je? Ndiyo kubwa kuliko zote.

#26 Mzee wa Rotari
Ndiyo kubwa, na ndiyo yenye mitego. Ndani ya uwanja huingii bila kitambulisho cha CAF, na kwa kazi ya habari Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka ithibati. Nembo ya mashindano usiiweke kwenye bango la studio, ina wenyewe. Droni bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iache kwenye begi. Kinachobaki ni kikubwa: fundi anayeshona jezi, kibanda cha kutazamia mpira, kinyozi anayechora bendera kichwani. Magazeti yana wapiga picha wao uwanjani. Kwenye kibanda cha Mbagala hawana mtu.

#27 Kepsheni_Kwanza
Na ukiwapa picha hizo, andika chini ya barua: "Matumizi ya mara moja, gazetini na tovutini, kwa habari hii tu. Jina la mpiga picha litajwe." Hakimiliki ni yako tangu unapobonyeza, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ndiyo msingi. Kutuma si kuuza.

#28 Mtaa_wa_Pili
Kutajwa jina hakununui mkate. Picha ya bure leo inamnyima kazi mpiga picha wa gazeti kesho.

#29 Kepsheni_Kwanza
Picha ya habari yako mwenyewe, bure. Picha ya habari yao, walipe. Mpaka wangu uko hapo.

#30 Mji_Mkongwe
Asalaam aleikum. Nyote mnaangalia mbele, na wenye studio kongwe wana hazina nyuma yao. Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa Zanzibar, ilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kila mtu alikuwa akitafuta picha za zamani za jumba lile. Capital Art Studio hapa kwetu ipo tangu 1930, na picha zake za kale ndizo zinazowavuta wageni na waandishi. Studio ya mtaani yenye negativu za miaka ya themanini nayo ina Kariakoo ambayo haipo tena. Kinachokosekana ni tarehe na mahali. Chukua boksi moja, andika kwa penseli nyuma ya kila picha: mtaa, mwaka, nani alikuwapo. Jengo likivunjwa au mtaa ukibadilishwa jina, picha yako unaitoa dakika kumi.

#31 Bi Neno
Penseli laini, wakuu, si kalamu ya wino. Na isikandamizwe, alama inatokea mbele.

#32 Flashi_ya_Temeke
Nimesoma yote. Dai langu la #1 halijafa, ila #6 amelitikisa na #21 hajajibiwa vya kutosha. Swali moja la vitendo kabla ya Machi: kwa siku tano za kuokoa picha, mabeseni mangapi?

#33 Mama_Albamu
Manne: la kuachanisha, mawili ya kusuuza, la maji ya mwisho. Kwa kila beseni picha zisizidi kumi kwa mara moja. Neti za dirishani mita sita, vibanio mia, na daftari la kuandika jina la mwenye picha kabla hazijaingia kwenye maji. Hilo daftari usilisahau. Picha mbili za harusi za miaka ya tisini zikishalowa zinafanana.

#34 Fundi_Wino
Ongeza feni, lakini lisielekezwe kwenye neti. Lielekeze ukutani.